Kijiti cha Kusawazishia

Nyumbani kwetu Lumemo, mpunga wa kumpa mtu haupimwi kwa kusawazisha. Unajaza chombo, unaendelea kujaza mpaka kilele kianze kumwagika, halafu unaongeza konzi moja ya mtoto, hata kama anayepokea hana mtoto. Mama alinifundisha hivyo tangu nilipokuwa siwezi hata kubeba debe.

Basi katikati ya miaka ya tisini, parokia ilipotafuta watu wa kujitolea kwenye kambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka, upande wa Zaire, nikaenda, nikapewa kazi ya kugawa maharage. Siku ya kwanza nilipima kama nilivyolelewa. Kila kopo kilele, kila mtu na konzi yake. Nilijiona mwema kweli kweli! Saa saba mchana magunia yakaisha na foleni bado ndefu. Mama mmoja wa nyuma kabisa alikigeuza kikapu chake, akakikung'uta vumbi, akaondoka bila kuniambia neno. Angenitukana ningeshukuru.

Kesho yake nilichonga kijiti bapa. Kila kopo nililolijaza nikalipitishia kijiti juu, na kilichoanguka kikarudi guniani. Nilifanya hivyo zaidi ya mwaka mzima, na wa mwisho hakukosa tena.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akiishi peke yake, mwenye Kiswahili cha kuokoteza sokoni. Kila siku ya mgao alikikodolea macho kijiti changu, akawageukia wenzake na kusema, "Huyu mtoto ananyoa maharage." Foleni nzima ilicheka, na mimi nilicheka. "Shikamoo bibi, sogea basi, wenzako wanangoja," nilimwambia. Nilimpenda. Siku asipokuja mapema nilikuwa nikimtafuta kwa macho.

Siku yangu ya mwisho nilikusudia kumjazia kilele. Mara moja tu, nilijiambia, kuna ubaya gani? Lakini ilipofika zamu yake, watu wote walikuwa wanatazama kopo. Nikapitisha kijiti. Akapokea, akasogea pembeni, kisha akarudi. Alichota maharage yake mwenyewe kwa viganja viwili, yakiwa yamejaa hadi yanadondoka, akanimiminia kwenye khanga.

"Utakula njiani," alisema. "Kwenu ni mbali."

Nilikataa, akanuna. Nikapokea. Sikumrudishia hata punje, na njia nzima ya kurudi niliona aibu.

Nilipita Kidatu kwenye miwa na Sanje kwenye ndizi nikiwa nimeyapakata yale maharage kama mtoto mgonjwa. Nikawakuta nyumbani wamemaliza mavuno. Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa amevuka mto kutoka upande wa Ulanga kuja kuvuna mahali pangu, kwa kuwa mimi sikuwapo. Mgongo ulikuwa unamsumbua, na bado alivuna mpaka mwisho.

Asubuhi ya kuondoka kwake, mama aliniambia, "Mpimie mama yako mpunga wake."

Nilijaza debe. Kabla sijajua ninachofanya, mkono wangu ulikuwa umepita juu yake, shwaa, debe likawa sawasawa kama meza. Mpunga ulioanguka nikaurudisha guniani, tena kwa uangalifu.

Mama mdogo aliliangalia debe. "Asante, mwanangu," akasema, akaanza kutafuta kamba ya kufungia kiroba chake. Alikuwa anaitafuta chini huku ameishika mkononi.

"Huko ulikokwenda ndiko walikokufundisha hivi?" mama aliuliza.

Nikapandwa na hasira, maana mwenye kosa huwa hakosi hasira. "Mama, huko ukimjazia mmoja kilele, wa mwisho anakosa!"

"Sawa. Na hapa wa mwisho ni nani?"

Nilitazama uani. Tulikuwa watatu, na kuku.

Nilimimina lile debe kwenye kiroba, nikalijaza tena kwa kilele, nikalimimina. Nikatia konzi ya mtoto. Halafu nikaingiza mikono yote miwili guniani na kuchota, viganja vikiwa vimejaa hadi vinadondosha, nikatia. Nikachota tena. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, mikono haikuwa na nafasi. Mpunga ulimwagika miguuni, kuku wakaja mbio.

"Basi, mwanangu, inatosha," mama mdogo alisema. "Nitabebaje?"

Sikuacha.

Mama alinishika bega. "Huo sasa ni wa nani?"

"Wa bibi mmoja."

Hakuuliza bibi gani. "Basi mwongezee," akasema, na mama mdogo akapanua mdomo wa kiroba.