Kumpigia Saluti Jemadari Mgeni

Siku yangu ya kwanza kazini, mtaa wa Al-Naseem, Riyadh, madam alinionyesha jiko, mashine ya kufulia na chumba changu cha uani, kisha akaniuliza kwetu Kenya nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia nilikuwa askari jela, na niliacha kazi nikiwa na cheo cha koplo. Akanitazama juu hadi chini. “Basi simama kama koplo,” akasema. Nikasimama wima, kidevu juu, ngumi ubavuni. Akapiga makofi. Nikajiambia moyoni kwamba wakala wangu amenileta kwa mwenda wazimu.

Kumbe nilikuwa nimepata kazi ya pili. Naiandika kwa sababu vijana wa siku hizi wakisikia mama fulani alikuwa Saudia, wanadhani aliosha vyombo tu. Vyombo niliosha, tena vingi. Lakini pia niliwafundisha kazi majemadari, na hilo nalisema kwa kifua mbele.

Madam alikuwa mhadhiri wa fasihi katika chuo cha wasichana. Kila mwaka wanafunzi wake walicheza tanzia, yaani mchezo unaoishia msibani, na alizipenda zile za Kizungu za zama za panga na majoho. Alinieleza kwamba huko zilikoandikwa, mwanamke hakuruhusiwa kupanda jukwaani, kwa hiyo wavulana ndio waliovaa magauni. Kwetu Riyadh ilikuwa kinyume chake: ukumbi wa wanawake watupu, jukwaani na vitini, na wasichana wakibandika ndevu kwa gundi. Ndevu zilikaa vizuri, madam akalalamika, ila majemadari wake walitembea kama wanaopeleka zawadi harusini. Nikavuliwa aproni, nikapelekwa chuoni.

Kazi hiyo niliiita gwaride la jukwaani. Jambo la kwanza nililowafundisha ni kwamba cheo hakikai begani, maana anayeketi nyuma haioni beji. Cheo kinaonekana kwa nani anasimama mwenzake akiingia, nani anasubiri, nani anageuka kwanza. Askari wa kawaida hugeuza macho kabla ya mwili. Jemadari hugeuka mwili mzima, kwa sababu hana haraka. Mgumu kuliko wote ni mwanamke aliyejificha ndani ya nguo za askari, na tanzia hizo zinao wengi. Msichana wa namna hiyo nilimfundisha kwanza kutembea kama mwanamume hasa, kisha tukaharibu kidogo, mkono mmoja tu, ule unaotafuta upindo wa gauni ambalo halipo. Mazoezi yakiisha, nilivaa aproni yangu nikawamiminia gahawa wale wale niliotoka kuwafokea. Walizoea, na mimi nilizoea.

Mambo yalipofunguka, wanaume na wanawake wakaruhusiwa kuigiza jukwaa moja. Madam, Mungu ambariki, akaniombea nafasi katika kikundi kimoja cha Jiddah, nikawa nalala kwa dada yake mtaa wa Al-Safa. Mkurugenzi wa kikundi alikubali kunijaribu kwa mchezo mmoja. Nikifaulu, angekuwa kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu cha kukaa nchini, na kazi yangu ingekuwa hiyo ya gwaride peke yake. Nikishindwa, narudi kwenye sinki la Al-Naseem. Nilikuwa mtu mzima tayari, na nilijua nafasi kama hiyo haingekuja tena.

Mchezo wenyewe ulihusu mji uliomkodi jemadari mgeni aulinde. Vita vimekwisha kwa ushindi, wenyeji wanaanza kujiuliza watamfanya nini mtu huyu asiye wa kwao. Anayemchukia zaidi ni luteni wake, mtoto wa ukoo mkubwa, na dada wa luteni huyo analazimika kuvaa nguo za askari ndipo apate kusikilizwa. Aliyeigiza luteni alikuwa kijana wa pale pale Jiddah, mwenye sauti nzuri na shingo ngumu. Siku ya kwanza niliposema “mguu sawa”, wote walitii isipokuwa yeye. Alimwambia mkurugenzi kwa Kiarabu, akidhani sisikii, kwamba yeye hapokei amri kutoka kwa kadama.

Kadama ni mtumishi wa ndani. Niliitwa hivyo miaka mingi na sikuwahi kuumia, lakini pale, mbele ya kikosi changu, niliumia. Mkurugenzi akanivuta pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyebanwa. “Koplo, siwezi kumpoteza luteni,” akaniambia. “Asipokutii hadi Alhamisi, halas, basi, namleta afisa mstaafu badala yako.”

Basi nikawafundisha wengine, naye nikamwangalia tu. Palikuwa na sehemu ambapo luteni anampigia jemadari saluti mbele ya mji mzima. Kijana alikuwa akiutupa mkono ovyo, ili watu waone chuki. Hilo ni kosa la kiraia. Askari mwenye chuki hapigi saluti mbovu, maana saluti mbovu ina adhabu. Anapiga iliyonyooka kabisa, na chuki inabaki machoni, mahali ambapo hakuna sheria ya kumshtaki.

Jumatano nikapanda jukwaani, nikasimama kati yake na jemadari. Alinitazama kama alivyonitazama siku zote.

“Hivyo hivyo,” nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni. “Usipunguze hata kidogo. Unavyonitazama mimi, mtazame yeye. Ila mkono upande safi.”

Nikajiondoa katikati. Nilidhani atashuka aende zake. Akabaki amesimama. Macho yake yalihama kutoka kwangu yakamwendea jemadari bila kubadilika, kisha mkono ukapanda, umenyooka, ukatua penye paji la uso. Aliyeigiza jemadari akarudi nyuma nusu hatua, jambo ambalo halikuandikwa popote, na mkurugenzi akasema libaki. Lilibaki hadi onyesho la mwisho.

Wakati wa gahawa kijana akanijia. Safari hii alitazama chini.

“Ulijua ninavyokutazama?”

“Kadama asiyejua kusoma macho ya watu hamalizi mwezi,” nikamjibu.

Halafu akaniuliza kama kidevu chake kilikuwa juu mno. Nikamwambia ndiyo, akishushe kidogo. Hatukuongea lingine.

Mkurugenzi akawa kafili wangu kama alivyoahidi, na gwaride la jukwaani likanilisha Jiddah hadi magoti yalipogoma. Sasa nimestaafu, niko kwetu, na nikiona sherehe za kitaifa kwenye televisheni nawakosoa askari mpaka wajukuu wananihama sebuleni. Najivunia kazi yangu yote, ya jikoni na ya jukwaani, kwa sababu ile ya kwanza ndiyo iliyonifunza ya pili.

Watu huniuliza kama yule luteni alikuja kunipenda. Sijui, wala sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile, kila niliposema “mguu sawa”, visigino vyake vilikuwa vya kwanza kugongana.