Kuku wa Pili

Kila mwaka, darasa langu likifika kwenye mada ya mifupa, nawaambia wanafunzi wafunge vitabu na kila mmoja akamate kigasha chake, yaani ile sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Washike karibu na kifundo, upande wa gumba, halafu wageuze kiganja kitazame juu, kisha kitazame chini. Darasa linatulia. Wanasikia kwa vidole vyao wenyewe mfupa mmoja, radiasi, ukibingirika juu ya mwenzake, alna, ambao hauna habari, umekaa tu mahali pake. Wengine wanacheka kama wametekenywa. Nawaeleza kwamba kule juu, kiwikoni, radiasi ina kichwa cha mviringo kama kifuniko cha soda, kimevalishwa pete ya kano, ndiyo maana kinazunguka bila kuchomoka. Kwa hiyo kiwiko kina kazi mbili: kinakunja mkono kama bawaba inavyokunja mlango, na kinauachia ugeuke. Somo hili nalifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote wa Kasulu, nasema bila aibu, na muda wote nalifundisha mkono wangu wa kulia ukiwa mfukoni.

Mkono huo haugeuki. Kiganja chake kinatazama chini na kitatazama chini mpaka nizikwe. Mtu akinikaribisha karanga inabidi nilaze mwili mzima upande mmoja, kama ninayechungulia uvunguni mwa kitanda, ndipo kiganja kifunguke kidogo. Kwetu Uha mtu mzima husalimiwa kwa makofi ya taratibu, na makofi yangu hayajawahi kulia sawasawa tangu ujana, basi wengi wamenidhania nina maringo. Siwaelezi. Nimechoka kueleza.

Niliuvunja nikiwa na miaka kumi na tisa, nyumbani kwetu Busunzu, upande wa Kibondo. Nilikuwa nimechaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi na nasubiri siku ya kuripoti. Sikuwa na ndoto nyingine. Nilikuwa nimeshashona sare, nimeipiga pasi mara tatu bila sababu. Asubuhi moja nikatoka mtoni kuopoa mihogo tuliyoivundika, njia ina utelezi, nikaanguka na kujikinga kwa mkono. Mifupa yote miwili ya kigasha ilikatika. Hospitalini daktari kijana, mgeni wa mkoa, alinifunga hogo la plasta, akasema nirudi baada ya wiki sita apige picha nyingine, na hata hapo huenda akaniongezea muda.

Mama hakulipenda lile hogo hata kidogo. "Mfupa umefunikwa kama maiti," alisema. "Nani anajua unafanya nini humo ndani?" Wiki haikuisha akaniitia mganga wa mifupa, mama mmoja wa kijiji cha pili, mkavu wa maneno, ambaye alikuwa ameunga miguu na mikono ya nusu ya kata. Tukaliloweka hogo kwenye beseni la maji mpaka likalainika, likakatwa kwa kisu cha jikoni. Nilikubali mwenyewe, hilo simsingizii mtu.

Yule mganga aliupapasa mkono, akaipanga mifupa huku nikilia mpaka sauti ikakauka, akapaka mawese yenye majani, akafunga vijiti vya mwanzi. Kisha akaomba kuku. Mama akamtoa tetea wetu mweusi mwenye doa jeupe shingoni. Mganga akamvunja mguu palepale, akampaka dawa ileile, akamfunga vijiti vilevile, vidogo.

"Huyu ndiye atakayetuambia," alisema. "Akikanyaga bila kuchechemea, naufungua mkono. Asipokanyaga, sifungui hata aje mkuu wa wilaya."

Kazi hiyo ilikuwa na masharti yake. Mgonjwa hamtazami kuku wake mpaka apone, na kuku akishakanyaga hashikwi tena mguu, maana ukimshika unaurudisha nyuma mkono wa mtu. Basi kuku akafungiwa jikoni, mama akawa ndiye wa kumlisha, nami nikawa naulizia hali yake kila asubuhi kama naulizia hali ya ndugu. "Anaendelea vizuri," mama alijibu.

Mwisho wa wiki ya nne mama alimpokea mganga njiani, amejaa furaha. Kuku anatembea. Nikaruhusiwa kutoka nimwone: mweusi, doa jeupe shingoni, anaparura majivu uani kama hajawahi kuumwa. Mganga akakaa kwenye kigoda, akanishika mkono. Akabonyeza mahali palipokatika, akabonyeza tena.

"Hapa hapajaniridhisha," alisema. "Panapwaya." Akamgeukia mama. "Kuku ndiye huyu?"

"Ndiye. Kwani tuna wangapi?"

Mganga alimtazama kuku, akautazama mkono wangu, akamtazama kuku tena. Vidole vyake vilikuwa vimemwambia ukweli, lakini sharti ni sharti. Akavifungua vijiti.

Siku tano baadaye niliripoti chuoni Kasulu. Mkono uliuma, nikanyamaza. Ukaanza kupinda, nikavaa mikono mirefu. Muhula haujaisha mkufunzi aliniita mbele ya wenzangu, akaninyooshea bomba la sindano na kuniambia nipokee. Nilipokea kwa kulaza mwili upande. Akasema kwa upole kwamba kazi ya uuguzi ni kazi ya viganja. Picha ilionyesha radiasi imeunga kombo na kushikamana na alna, mifupa miwili imekuwa kama mmoja. Nikairudisha sare nyumbani. Ualimu ulikuja baadaye, kwa sababu ulikuwepo.

Nilimlaumu yule mganga. Na mimi nikilaumu, nalaumu kweli. Nilimsema kanisani, nilimsema mnadani, nilivuta mkono wa nguo na kuonyesha watu kazi yake. Wakaanza kumpita na kupeleka wagonjwa kwingine. Alifariki akiwa analima tu, kama watu wengine, na sikwenda msibani. Mama alikuwepo kila nilipomsema. Alikuwa anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema pole mwanangu.

Mwaka jana nilikuwa likizo nyumbani, mimi na dada yangu tunapukuchua maharage, tunamteta mama kwa mapenzi kama watoto wanavyofanya wakishazeeka na mzazi wao.

"Mama akiamua jambo!" dada alisema huku anacheka. "Alivyozunguka mpaka kule karibu na kambi ya wakimbizi ya Nduta kutafuta kuku wa kufanana na yule wako."

"Kufanana na yupi?"

Mikono yake ikasimama. "Nilidhani ulishaambiwa. Yule wa kwanza alikufa. Mama alisema usiambiwe, utavunjika moyo."

Dada alijua. Mke wa baba mdogo alijua. Hata jirani aliyemwazima mama tenga la kumbebea huyo kuku wa pili alijua. Mkono ulikuwa wangu, na ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui, miaka yote hiyo, nikimchafulia jina mwanamke ambaye kosa lake lilikuwa kutuamini. Nilisimama na ungo wa maharage ukamwagika, sikuuokota.

Mama alikuwa ameketi barazani, anaota jua. Nilimuuliza bila salamu kama ni kweli kuku wangu alikufa.

"Hakufa," alisema. Hakujifanya kusahau, hilo nampa. "Wenzako niliwaambia amekufa ili wasiniulize. Alikuwa anaburuta mguu, wiki ya nne na bado anaburuta. Yule mama angekuweka mwezi mwingine, na chuo kisingekungoja. Nilitaka uwe nesi, mwanangu, mwana wanje."

"Ukamfanya nini?"

"Nikamchinja."

"Nani alimla?"

Aliniangalia mkono kwanza, ndipo akaniangalia usoni.

"Wewe. Nilikupikia na ndizi upate nguvu. Ulisema hujawahi kula kuku mtamu vile, ukaniomba na mguu. Nikakupa ule mzima."