Kompyuta ya Mwalimu Mahona

Mwalimu Mahona wa Itetemia alikuwa fundi redio dukani kwa Velji kabla jeshi halijampeleka ng'ambo kusomea kompyuta. Mwaka 1981 aliletwa katika kambi moja nje ya Tabora awafundishe wahandisi waliotunza rada. Kompyuta ya kufundishia hakupewa. Mimi nilikuwa mfagizi wa darasa lile, na nilikuwepo siku kapteni alipokuja kuamua kama kozi iendelee, au Mahona arudishwe stoo kupanga betri.

Mahona aliwageuza wanafunzi wake watatu kuwa kompyuta. Mzee Lugembe alikaa pembeni na kabati la vikaratasi vya namba: huyo ndiye kumbukumbu. Ngollo alikaa mezani na penseli, kazi yake kukokotoa. Tobias alikuwa waya, wa kumletea Ngollo namba moja moja.

"Jumlisheni nane, tano na tisa," kapteni aliamuru, akatazama saa.

Tobias alifika kwa Lugembe, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Binti yangu hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Na mahindi?"

"Yamebeba, baba."

Mahona alijishika kichwa. Alikuwa amesahau kwamba Tobias ameoa kwa Lugembe, na kwao baba mkwe huamkiwa hivyo kila anapofikiwa. Nane ilipofika mezani, Tobias alirudi kufuata tano, akachuchumaa upya.

"Muulize na mbuzi kabisa!" Ngollo alipiga kelele. "Mimi nipo tu!"

"Dakika sita, namba mbili," kapteni alisema. "Adui ameshafika seminari ya Kipalapala, anakula na mapadri. Mwalimu, nani mzembe hapa?"

Mahona alielekeza kidole mezani. "Hakuna, afande. Ngollo ni mwepesi, ila anasubiri. Hata kompyuta ya rada husubiri hivyo, namba zikiwa njiani kutoka kwenye kumbukumbu."

"Dawa yake?"

"Tobias, salimia mara moja, chukua zote, ziweke mezani kwa Ngollo."

Tobias akafanya hivyo.

"Ishirini na mbili!" alisema Ngollo papo hapo.

"Ondoa tano," kapteni aliamuru.

"Kumi na saba!" Tobias hakuinua hata mguu.

"Kumbe!" Kapteni alicheka, akatia sahihi: kozi iendelee miezi mitatu.

Kapteni alipotoka, Mahona aliketi sakafuni kupumzika. Nilikuwa nimetoka kupiga deki pale, maji bado yametuama. Niliona haya kumwambia.