Sufuri Mlangoni Petu

Bado nina hasira, na sitaki mtu aniambie zipoe.

Mwaka ule wa vita watu wa uwanda wa Ruzizi waliingia Uvira kwa miguu, magodoro vichwani. Mama alimpokea mwanamke mmoja kutoka upande wa Sange, mjamzito, mumewe hajulikani alipo. Kwetu, aliyekukimbilia hupewa maji ya kuoga siku ya kwanza. Siku ya pili hupewa ufagio, na akishafagia uwanja, kumwita mgeni ni tusi. Yule alifagia. Akaanza kumwita mama yangu "mama", na mama akaanza kumgombeza kuhusu chumvi kama alivyotugombeza sisi.

Kisha likaja shirika la hisani, na pesa za watu wema wa mbali. Lilifufua kituo cha afya cha mtaa wetu, likaleta dawa na gari la kubebea wagonjwa. Vizuri kabisa. Lakini vyote vilikuwa vya bure kwa wenye karte tu, kadi ya shirika, na karte ilikuwa ya wakimbizi. Sisi wenyeji, tuliokuwa tukila mara moja kwa siku kwa sababu tuligawana nao chungu, tulihesabiwa kuwa watu wanaojiweza.

Kijana wao wa kuandikisha alipita nyumba kwa nyumba na chaki. Akauliza kwetu kuna wakimbizi wangapi. Yule mwanamke alikuwa amesimama pale pale, mikono imejaa unga wa muhogo. Mama alimtazama kijana kama aliyetukanwa.

"Hapa hakuna mukimbizi," alisema. "Hapa iko watoto wangu."

Kijana akaandika sufuri mlangoni na katika daftari lake. Hakuuliza tena. Barabara yetu ilijaa sufuri; si mama peke yake aliyekuwa na adabu.

Uchungu ulimshika yule mwanamke Jumatatu asubuhi. Kufikia Jumanne mchana mtoto alikuwa bado amekingama tumboni, na mkunga akasema ni kupasuliwa hospitalini, upesi. Tulimbeba juu ya kiti hadi kituoni. Gari lilikuwa pale, limeoshwa, dereva ndani anakula ndizi. Msimamizi wa karte alifungua daftari, akaona sufuri yetu. Hakuwa mkali. Hilo ndilo linaloniunguza hadi leo: alikuwa mpole. Alieleza kwamba utaratibu umewekwa ili msaada uwafikie wanyonge zaidi, na kwamba mama mwenyewe alisema huyu ni mtu wa nyumbani.

"Ni binti yangu," mama alisema. Hata pale.

"Basi, mama, kama ni binti yako, utalipa kama wenyeji wengine."

Hatukuwa na cha kulipa. Nilimwona mama akigeuka kukitazama kiti. Yule mwanamke alikuwa ameuma kitenge chake, macho wazi. Ili karte itolewe, msimamizi alitaka mama akane kwamba huyu ni wake, mbele ya mkuu wa mtaa, aliyekuwa amesimama na muhuri wake akitazama viatu vyake.

Mama akasema polepole, kama anayesomewa na mtu mwingine: "Si mutoto wangu. Sijui kwabo. Alikuja na vita."

"Si wa familia yenu?"

"Hapana. Ni mukimbizi."

Muhuri ukagongwa. Gari likawaka.

Najua, bila gari lile tungezika wawili. Mtoto alizaliwa hai, msichana. Kila ninaposimulia haya hakosi msomi wa kunikumbusha hilo, nami hutamani kumrushia kitu. Nani aliketi mezani, mahali penye utulivu, akaamua kwamba ili mwanamke apasuliwe lazima kwanza anyang'anywe mama? Wangemuuliza mtu mmoja tu wa Uvira. Wangeuliza mlangoni: nani amelala hapa tangu vita vianze? Mama angewatajia wote, na miezi ya mimba juu yake.

Alipotoka hospitalini hakurudi kwetu. Aliomba kupelekwa shuleni, walikolazwa wenye karte. Mama alimfuata huko na uji wa mtama, nami nikiwa nyuma yake. Akamsihi arudi; yale, alisema, yalikuwa maneno ya kituoni tu. Yule mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, akimbembeleza mtoto. Kisha akapokea uji kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo.

"Aksanti, madamu," alisema.

Ndivyo walivyofundishwa pale kuwashukuru watu wa shirika.