Mtakatifu Aliyepitia Dirishani

Kiangazi kile hatukwenda kwa bibi kaskazini kama kawaida. Njia za huko zilikuwa na vita, na watu wazima nyumbani kwetu Kacyiru walisikiliza redio kutwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, likizo kubwa ndiyo kwanza imeanza, na sina pa kwenda isipokuwa maktaba ya parokia.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Ufunguo alikuwa nao masera, ndivyo tulivyowaita watawa, mama mfupi mwenye sauti ya upole na sheria ngumu. Kila mtoto aliruhusiwa vitabu vitano vya likizo, navyo sharti viwe mchanganyiko: cha dini, cha historia, cha sayansi, cha ufugaji, na kimoja tu cha hadithi.

"Akili ikila viazi peke yake hukonda," alisema.

Mimi nilitaka viazi vitano. Nilitaka riwaya za upelelezi, zenye maiti ukurasa wa kwanza.

Sasa, masera alikuwa amevivika vitabu vyote karatasi ya kaki na kuandika majina juu yake kwa mkono. Kilichovikwa huvulika. Nilijibanza nyuma ya rafu, nikavua huku, nikavika kule. Nilipofika mezani, wapelelezi wangu wanne walikuwa wamevaa kanzu za watu wengine: maisha ya mtakatifu, wafalme wa kale, volkano, na ufugaji wa sungura. Wa tano alibaki na nguo zake. Masera aliandika majina daftarini, uso umemng'aa.

"Hata volkano! Umechagua vizuri, mwanangu."

Niliona haya kidogo, mpaka mlangoni.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amehamia kwetu kutoka Bujumbura. Kifaransa cha vitabu vile hakukijua, lakini neno lenye maana ya mtakatifu kwenye jalada alilitambua mara moja.

"Hicho utanisomea kwa Kiswahili," aliniambia, akikaa na sinia lake la maharage ya kuchambua.

Nifanye nini? Nilisoma. Mpelelezi akawa mtakatifu. Bastola ikawa rozari. Chupa ya pombe ikawa maji ya baraka, ingawa alikunywa mengi mno. Yule mwanamke wa hotelini nikamgeuza mjane mwenye shida. Shangazi alisahau maharage.

"Lakini mtakatifu huyu," alisema siku ya tatu, "mbona kila nyumba anaingilia dirishani?"

"Milango ilifungwa na wapagani, shangazi."

"Maskini! Endelea."

Jumapili baada ya misa, kabla sijamvuta mkono, shangazi alimwendea masera na kumuuliza sikukuu ya mtakatifu huyo huadhimishwa lini, yule aliyemfukuza mwizi juu ya mapaa akiwa na rozari mkononi. Masera alinitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Hapo ndipo padri wetu mzee, aliyekuwa amesimama karibu, akakohoa.

"Kumbe!" alisema. "Mimi nilichukua riwaya ya mauaji. Nimesoma kurasa arobaini nikingoja nani atamuua sungura."

Masera alijifunika mdomo kwa kitambaa. Mabega yalimtikisika, lakini adhabu haikupungua: nirudishe riwaya zote, nichukue vile vinne vya kweli, na kila kimoja nimsomee shangazi hadi mwisho, bila kubadili neno.

Shangazi alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alileta sinia, nikamsomea mtakatifu halisi, aliyesali na kufunga kwa kurasa mia mbili.

"Ni mtu mwema," alikubali. "Ila yule wa kwanza alikuwa na bidii."

Kitabu cha sungura alikisikiliza vizuri zaidi, na wafalme aliwabishia mmoja mmoja. Volkano ilinikamata nisipotarajia. Niliisoma mara mbili, ya pili peke yangu nyuma ya nyumba, na masera aliponiuliza kama niliipenda nikamjibu kwamba haikuwa mbaya. Raha ya kunishinda sikutaka kumpa.