Nilimwambia Mume Wangu Kwamba Tatizo Ni Mimi

Admin, nifichie jina langu na la kijiji, maana huku Serengeti tunajuana mpaka ng'ombe. Nina miaka sabini na tatu, ni mjane, na ninaandika mwenyewe. Kusoma nilijifunza darasa la watu wazima enzi za ujamaa, kwa hiyo mkiona makosa mnisamehe. Majina ya watu nimebadilisha.

Niliolewa msichana, tukahamishiwa kijiji cha ujamaa mimi na mume wangu. Nyumba zilipangwa kwa mistari, kila jirani anaona unachoanika. Mwaka ukaisha, wa pili, wa tatu, hakuna nepi hata moja kwenye kamba yangu. Tukiwa shamba la kijiji na majembe, wanawake wenzangu walikuwa wakitaniana, "Shamba la ujamaa linaota, la huyu ndilo limegoma." Nilicheka nao. Nikirudi nyumbani nalia mpaka kichwa kinauma.

Mama mkwe akaanza kunizungusha kwa waganga. Nilichanjwa chale tumboni, nikafukizwa na mvuke wa majani ukaniunguza mapaja, nikanywa mizizi michungu iliyonitapisha siku nzima. Damu ya mwezi ikija, mama mkwe aliniangalia kama nimeiba kitu. Nilikonda nikabaki macho.

Mwisho tukaenda hospitali ya misheni, mwendo wa siku nzima. Walinipitishia dawa kwenye mirija ya uzazi, na wanawake mliopitia hiyo mnajua. Nesi alinishika mkono akisema, "Vumilia mama, vumilia." Majibu yakatoka kwamba mimi ni mzima, mume naye apimwe. Alikataa siku mbili. Siku ya tatu akakubali, akawapa walichotaka, kisha akatoka nje kwa aibu na hakutaka kurudi ndani. Kwa hiyo majibu yake nilipewa mimi. Daktari alisema mume wangu hana mbegu kabisa na hakuna dawa ya kumpa.

Nilimkuta amekaa kwenye jiwe, kofia ameikunja mkononi. Akaniuliza, "Wamesemaje?" Mume wangu alikuwa mwanaume wa sauti kubwa, wa kusikika mpaka mnadani. Siku ile sauti ilikuwa ndogo sana. Nilifikiria wanaume wa rika lake, jinsi watakavyomcheka mpaka kaburini. Nikamwambia, "Wamesema ni mimi."

Alinikumbatia. Akasema, "Usilie mke wangu, nitakutafutia dawa."

Na kweli alitafuta! Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Miaka mitano alinibeba kwenye baiskeli, leo Nyansurura, kesho Kerende, kila aliposikia kuna mganga. Mimi najua sina ugonjwa, na nakunywa. Nikikataa ataniuliza kwa nini. Dawa moja ilinitoa damu wiki tatu, na tangu siku ile sikuona tena siku zangu. Ningeweza kuachana naye nikazaa kwa mwingine. Nilimpenda, na kwa kumpenda nikaharibiwa kweli.

Ndugu zake wakamuoza mke wa pili, Nyangi. Mwaka ukapita, naye tumbo hakuna. Akanijia jikoni analia, "Dada, mama anasema sasa zamu yangu ya kupelekwa kwa waganga." Niliona yale mapaja yangu yakiungua upya kwa mtoto wa watu. Nikamwambia ukweli wote. Nikamwambia pia, kwa mdomo wangu huu, kwamba kwa mila zetu mahari yake imeshatolewa, ng'ombe wameshaenda kwao, na mtoto atakayezaa, hata wa kumpata nje, ni wa boma hili. Alinielewa. Alizaa wanne. Mume wangu alichinja kila mara, na amekufa akijua ni damu yake. Mimi nikabaki tasa wa kijiji.

Sasa sikilizeni kilichonileta huku. Chacha, mtoto wa mwisho wa Nyangi, ana mke anaitwa Robi. Mwaka wa sita hawajapata mtoto. Robi amechomwa sindano za hospitali mpaka makalio yamekuwa magumu, amepitishiwa dawa kwenye mirija, amevimba mwili. Daktari amemuita Chacha mara tatu aje apimwe, hajaenda. Juzi, mbele yangu, Chacha alisema, "Mimi nipimwe nini? Baba alizaa wanne. Ukoo wetu mwanaume hakosi. Aliyekosa ni mama mkubwa peke yake."

Niliogopa nikifungua mdomo vitatoka vyote.

Jana akarudi peke yake, kwa adabu, ameniletea sukari. "Shikamoo mama mkubwa. Naomba unikumbushe waganga uliopelekwa na baba. Labda watoto wao wanajua zile dawa. Jumamosi nampeleka Robi."

Nyangi nilimweleza. Alipiga magoti, mwanamke mzee mwenzangu. "Dada, shemeji zetu wanalitaka hili shamba. Wakisikia, watasema watoto wangu si wa ukoo, na mila hawataitaja. Tumekula na wewe sahani moja miaka yote hii. Utaniua?" Na kweli wale shemeji nawajua. Watawafukuza watoto walio moyoni mwangu, maana mimi ndio niliwalea.

Lakini Robi leo asubuhi alikuja kunichotea maji. Nikamwona anatembea ameshika kiuno. Nikamuuliza, utakunywa hizo dawa? Akasema, "Nitakunywa, mama mkubwa. Wewe si ulivumilia?"

Leo ni Alhamisi. Ninyi wenye watoto, na ninyi mliokunywa kama mimi, nielekezeni: nimwambie nani, na nianzie wapi?