Rubani Aliyetangaza Upungufu wa Marubani

Pale uwanja wa ndege walimwita Kipaza, kwa sababu hakuna aliyetangaza safari kama yeye. Sauti yake ilikuwa safi, haikukwaruza wala kukimbia, na hata abiria aliyesinzia kwenye kiti cha chuma alimwelewa. Wenzake walidhani ni kipaji. Hawakujua kwamba sauti ile ilinolewa ndani ya kijindege cha mafunzo, alipokuwa akizungumza na mnara wa kuongozea ndege huku mwalimu ameketi kando yake amekunja uso.

Ndiyo, Kipaza alikuwa rubani. Leseni alikuwa nayo, imelala kwenye droo chini ya vitambaa vya meza. Alipomaliza chuo alibisha hodi kila shirika, na yote yalimwambia lile lile: saa zako za kuruka ni chache, nenda kaziongeze kisha urudi. Akaziongeze wapi, na mwenye ndege ni huyo huyo anayemfukuza? Magazeti nayo hayakuchoka kuandika kwamba dunia ina upungufu wa marubani, na mkuu wa chuo alizikata habari hizo akazibandika mlangoni ili wazazi wazione. Wala hakudanganya, upungufu ulikuwepo. Waliokosekana ni makapteni waliozeekea angani, si vijana wenye leseni ambazo wino haujakauka. Hilo sasa halikubandikwa mlangoni.

Mwishowe aliomba kazi ya kaunta, na hata huko shirika la kwanza lilimkataa, eti mtu mwenye urubani wake hatatulia kwenye kupima mabegi ya watu. Alipokwenda la pili aliimeza leseni yake kimya, akapata. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye aliinama hadi mgongo ukazoea, na mvunguni hakuona kitu.

Sasa, nyumbani alikuwa na baba. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na ili binti asome alikuwa ameuza cherehani zake akabaki na moja. Ndiye aliyemshonea shati jeupe la urubani, lenye nafasi ya vyeo mabegani, kabla binti hajafaulu hata mtihani wa kwanza. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini? Kipaza alimwambia, "Marubani wamejaa, baba. Ni foleni tu. Niko hapa kaunta kwa muda, nasubiri zamu yangu." Mzee aliridhika. Foleni aliijua, hata wateja wake walisubiri suruali zao bila kununa.

Siku ya mkasa wenyewe mzee alikuwa anasafiri kwenda kumwona dada yake aliyelazwa hospitali. Hakuwahi kupanda ndege. Binti alimpatia tiketi ya nafuu ya ndugu wa wafanyakazi, kisha akamwomba jambo moja: "Ukinikuta kazini usiniite, baba. Ndiyo utaratibu." Mzee akaitikia kwa kichwa. Alikuja na suti aliyojishonea mwenyewe, akakaa kiti cha mbele ukumbini, mkabala na kaunta, akawa anamtazama binti yake kwa raha kama mtu aliyeenda kutazama mpira.

Alasiri msimamizi wa zamu, mama mmoja asiyecheka, alikuja kaunta na habari. Kapteni wa safari ya jioni, ile ya mzee, alikuwa amemaliza saa anazoruhusiwa kwa siku, na wa kumpokea hakupatikana. Msaidizi wake alikuwepo, lakini msaidizi peke yake harushi ndege. Akamwambia Kipaza atangaze.

Kipaza akashika kipaza sauti, na kwa sauti yake nzuri akasema kwamba shirika linasikitika, safari ya jioni imefutwa kutokana na upungufu wa marubani.

Ukumbi ukachafuka. Watu walisimama, wakalalamika, wakapiga simu. Katikati ya zogo lile fundi cherehani akainuka, akanyoosha koti, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Jamani, tulieni. Mbona rubani yupo? Si huyo hapo aliyetangaza? Ni binti yangu, amesoma, leseni anayo. Siku zote wanamwambia marubani wamejaa, asubiri. Leo wenyewe wanasema wamepungua. Basi zamu yake imefika."

Aliyasema bila kujigamba, kama anayeonyesha ufunguo uliokuwa ukitafutwa. Kicheko kikaanzia nyuma. Kijana mmoja mwenye kompyuta mapajani akasema, "Mzee, huyo ni wa kupima mabegi. Mpe ndege uone, atatutua kwenye mizani." Wakacheka zaidi. Mzee naye akatabasamu nao, akimsubiri mwanawe ajibu.

Majibu Kipaza alikuwa nayo. Angeweza kueleza kwamba leseni yake ni ya ndege ndogo, na kila ndege kubwa ina mafunzo yake. Ila maelezo hayo yote yalipaswa kuanza na maneno: huyu ni baba yangu, na mimi ni rubani. Wenzake wa kaunta walikuwa wamegeuka wote.

"Unamjua huyu mzee?" msimamizi akauliza.

"Simjui," Kipaza akasema. "Ni abiria tu. Nadhani amechanganyikiwa."

Alisema kwa kunong'ona. Lakini kidole chake kilikuwa bado kimebonyeza kitufe cha kipaza sauti, na sauti ile safi ikaenda hadi mlango wa choo.

Kicheko kikakatika. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akairudisha.

"Samahanini," akasema. "Nimemfananisha. Macho ya fundi cherehani haya, yamechoshwa na sindano."

Akaketi. Mwanamke aliyekuwa jirani yake akampa chupa ya maji, akaipokea kwa mikono miwili. Kipaza alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu kwa sababu ya baba yake kwa muda wa pumzi moja tu. Baada ya hapo aibu yote ilikuwa ya kwake mwenyewe, na hakuwa na mahali pa kuitua.

Abiria wakapangwa foleni ya kubadilishiwa safari. Mzee alisimama nyuma kabisa, hakumruka mtu. Alipofika kaunta, msimamizi alikuwa bado kando ya Kipaza.

"Dada, naomba nafasi ya kesho," mzee akasema, akaweka kitambulisho mezani. Kidole gumba, chenye alama za sindano, hakukiondoa. Kilikuwa kimefunika jina la ukoo, lile lile lililoandikwa kwenye beji iliyokuwa kifuani mwa Kipaza. Kipaza akaliandika bila kulisoma, herufi zikimcheza machoni.

Msimamizi akaondoka kwenda kujibu simu.

"Baba," Kipaza akasema. "Baba, nisamehe."

Kidole hakikusogea.

"Kwanza angalia kama umekizima hicho chombo, mwanangu," mzee akasema taratibu. "Watakusikia."